Gari likishushwa, tairi huliwa upande usiouona

Ukitaka kujua hali ya matairi ya gari lililoshushwa, yaani lililowekewa springi fupi likae chini zaidi, usiishie kulitazama ukiwa umesimama kando. Zungusha usukani hadi mwisho, chutama, chungulia upande wa ndani. Nje kashata, yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara, zimesimama vizuri, katikati kina bado kipo, lakini ule ukanda wa ndani, upana wa vidole viwili hivi, umeshakuwa kipara. Nimewahi kukutana na tairi ambalo kwa nje ungesema bado lina safari nyingi, kumbe ndani waya zimeanza kutokeza. Tairi la namna hiyo linaweza kupasuka gari likiwa kasi, na mwenye gari hakuwa na habari.

Mimi napenda magari ya chini. Napenda pengo dogo kati ya tairi na madigadi, na napenda gari likate kona bila kulala. Kwa hiyo siandiki haya kumkataza mtu. Naandika kwa sababu kila mazungumzo haya yanapoanza, lawama zote anabebeshwa kemba, na mara nyingi mlaji mkuu ni tou.

Kemba ni mlalo wa gurudumu ukilitazama kutoka mbele: likiinamisha kichwa ndani tunasema kemba ni hasi. Tou ni mwelekeo wa magurudumu mawili ya mhimili mmoja ukiyatazama kutoka juu: ama yanaelekeana kidogo kwa mbele, ama kila moja linatazama nje. Kuna kasta pia, mlalo wa mhimili ambao gurudumu linageukia ukilitazama gari kutoka ubavuni, lakini kwa ulaji wa tairi kasta si ya kukuhangaisha.

Sasa fikiria kinachotokea springi fupi zinapoingia. Bodi inashuka, gurudumu linabaki chini palepale, na loa amu, mkono wa chuma wa chini unaoshikilia gurudumu, inabadili mlalo wake. Amu inazunguka kwenye bushi zake (raba za maungio), kwa hiyo ncha yake ya nje inachora tao. Tairodi, fimbo inayopeleka mwendo wa usukani kwenye gurudumu, nayo inachora tao lake, kwa urefu wake na kutoka sehemu yake. Waliolitengeneza gari walihakikisha matao hayo mawili yanakaribiana kwenye kimo cha awali. Shusha milimita 30 au 40, na yanaanza kuachana: tairodi inasukuma au inavuta habu (kitovu cha gurudumu), na tou inahama bila mtu kugusa nati hata moja. Ihamie ndani au nje inategemea kama reki ya usukani, ile inayosukuma tairodi, imekaa mbele au nyuma ya mhimili na jinsi tairodi zilivyolala. Ndiyo maana ushauri wa mwenye gari la aina nyingine haukusaidii hapa. Pima la kwako.

Kemba nayo hubadilika, sikatai. Lakini kwenye mfumo wa MacPherson, wenye amu ya chini tu huku juu gurudumu likishikwa na shokapu, unaobeba magari mengi ya kawaida kwa mbele, kuna jambo ambalo watu hawalitarajii. Amu inapopanda kuelekea usawa na kuuvuka, kemba hasi inaongezeka kwa kasi inayopungua, na ukizidi kushusha inaanza hata kurudi nyuma. Magari yenye amu mbili, ya juu na ya chini, huongeza kemba zaidi kadiri yanavyoshuka.

Hesabu hii huwa nawapa wanaobisha. Chukua gurudumu ambalo tou yake imekosea kwa nusu digrii tu, kiasi ambacho jicho halikioni. Kwa kila kilomita 1 ya barabara, gurudumu hilo linataka kwenda kando mita 8.7, na gari linalivuta lirudi kwenye mstari. Katika kilomita 1,000 hizo ni kilomita 8.7 za kuvutwa kando. Mpira hujikunja na kumeza sehemu ya mvutano huo, ila sehemu inayobaki inasaga. Sasa chukua gurudumu lenye kemba hasi ya digrii 1.5 na tou sifuri: linabingirika kuelekea linakotazama, uzito umeegemea zaidi bega la ndani, linalika ndani polepole. Unganisha yote mawili ndipo balaa linakuja. Kemba inachagua mahali, tou inakula.

Kiganja chako kinaweza kukwambia mengi kabla ya mashine ya kupimia. Pitisha mkono juu ya kashata kwa upana wa tairi, kutoka ndani kwenda nje, kisha urudi. Ikiwa upande mmoja unateleza na upande mwingine unakwaruza, kama kumpapasa samaki kinyume cha magamba, hiyo ni tou. Ukikuta mabonde na vilima ukifuata mzunguko wa tairi, tazama shokapu. Springi fupi juu ya shokapu zilizochoka zinaliacha gurudumu lidundedunde. Angalia waya kwanza kabla ya kupitisha mkono, maana zinachana vibaya.

Nyuma ndiko kunakosahaulika. Binamu yangu aliniletea gari lake likiwa limeshafanyiwa alaimenti ya mbele, yaani kupimwa na kurekebishwa kemba na tou, na alikuwa na karatasi ya vipimo yenye namba nzuri kabisa. “Kaka, mbona usukani umepinda na gari linaendelea kula tairi?” Tairi lililokuwa likiliwa lilikuwa la nyuma kushoto. Tuliliweka mahali tambarare, tukafunga kamba mbili, moja kila ubavu, kwenye usawa wa katikati ya magurudumu, tukahakikisha zinakwenda sambamba. Kisha tukapima kutoka kwenye kamba hadi ukingo wa mbele wa rimu, na hadi ukingo wa nyuma. Kwenye rimu ya inchi 17, tofauti ya milimita 4 ni karibu nusu digrii. Gurudumu lile lilikuwa linatazama nje waziwazi, la kulia liko sawa, hivyo sehemu ya nyuma ilikuwa inalisukuma gari upande na yeye akilirudisha kwa usukani siku zote. Boliti ya kurekebishia ilikuwa imeshikana kwa kutu. Aliyepima mbele hakuwa amegusa nyuma kabisa.

Kwa hiyo mpangilio ni huu, na nauamini: kwanza tikisa kila kitu, boli jointi, tairodi endi, beringi, bushi, kwa sababu hakuna namba inayokaa juu ya kitu kinachocheza. Kisha nyuma, kisha kemba ya mbele, na tou ya mbele mwisho kabisa, kwa sababu ukigusa kemba umeshabadilisha tou. Usukani uwe umenyooka na kufungwa. Gari likae na mzigo unaoubeba kila siku, upepo wa matairi ukiwa sahihi.

Kuna hatua moja inayorukwa hata na mafundi wazuri. Boliti za bushi za amu zilegezwe, gari lishushwe likae kwa uzito wake, ndipo zikazwe. Ukizikaza gari likiwa limening'inia kwenye jeki, mpira wa bushi unabaki umesokotwa muda wote, unapambana na springi, na baadaye unachanika. Halafu springi mpya hutulia kidogo baada ya kutembea, kwa hiyo pima tena baada ya kilomita mia kadhaa.

Ukipewa karatasi ya vipimo, usiridhike na rangi ya kijani inayoonyesha namba imo ndani ya kiwango. Soma namba zenyewe, kulia na kushoto. Ile kijani ilipangwa kwa gari la kimo cha kiwandani, na upande mmoja unaweza kuwa mwanzoni mwa kijani na mwingine mwishoni. Kwa gari la barabarani mimi natafuta kemba ya mbele kati ya digrii 1 na 1.5 hasi, pande zote zikilingana, tou ya mbele karibu na sifuri, na nyuma ikitazama ndani kidogo tu ili gari litulie. Gari lisilo na sehemu ya kurekebisha kemba linahitaji boliti za kemba mbele au amu za kurekebishika nyuma, na gharama hiyo ihesabiwe siku ileile unayonunua springi.

Tairi lililoanza kuliwa ndani linaweza kuvuliwa na kugeuzwa kwenye rimu, kama halina upande maalumu wa nje. Likiwa na mshale wa mwelekeo, likishageuzwa lihamishiwe pia upande wa pili wa gari. Hilo ni kwa tairi ambalo bega lake bado lina kina. Waya zikishaonekana, livue leo na usilifanye hata la akiba.