Ravello: panda kwa basi, shuka kwa miguu

Aliyezoea vilima vya Mabatini na Isamilo jijini Mwanza, ambako nyumba zimeng'ang'ania mawe na ziwa liko chini, ataielewa Ravello mapema. Mji huu wa kusini mwa Italia uko kama mita 365 juu ya bahari, jirani na Amalfi.

Basi hupandwa Amalfi, uwanja wa Flavio Gioia. Nunua tiketi kabla, kwenye duka la sigara na magazeti, kisha igonge kwenye mashine ukishaingia. Kiangazi basi hujaa haraka, kwa hiyo wahi asubuhi. Ukishuka, pita handaki fupi na utatokea kwenye uwanja wa kanisa kuu.

Hapa usiharakishe. Milango ya shaba iliundwa na Barisano wa Trani mwaka 1179, na ina mabamba 54 ya picha. Ndani kuna mimbari ya mwaka 1272: nguzo sita zilizosokotwa, kila moja imebebwa mgongoni na simba wa marmari. Inama uwatazame simba hao. Wengi huangalia juu tu, wakakosa uzuri wote.

Villa Rufolo, jumba la kale lenye bustani, iko hatua chache tu. Mtunzi wa muziki Mjerumani, Wagner, alifika mwaka 1880, na bustani ya jumba hilo ikampa taswira ya bustani ya mchawi Klingsor katika opera yake ya Parsifal.

Kurudi, shuka ngazi hadi Minori, mji ulio chini pwani. Mvua ikinyesha ziache, maana mawe yale yamelainishwa na nyayo za karne nyingi na huteleza kweli. Kandambili hazifai, na magoti mabovu yatalalamika zaidi kwenye kushuka kuliko kupanda.