Jeni iliyohama mahali pake

Mjukuu wa shangazi yangu wa Langoni, Lamu, alianza na jino lililolegea. Liling'olewa katika zahanati moja, lakini shavu halikupungua. Baada ya wiki mbili taya lilikuwa limevimba hata jicho la upande ule likawa halifunguki vizuri. Vipimo vya Mombasa vilionyesha limfoma ya Burkitt, saratani ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Uganda.

Kwa kuwa nafanya kazi maabara, shangazi aliniuliza: "Mwanangu, hiyo jeni imeharibika wapi?" Swali lilinitaabisha. Katika saratani nyingi za kongosho jibu ni jepesi: herufi moja ya jeni ya KRAS hubadilika, na protini yake, ambayo kazi yake ni kupokea ishara ya ukuaji kutoka kwenye vipokezi vya utando wa seli na kuipitisha ndani, hushindwa kujizima, seli ikawa inatii amri ambayo hakuna aliyeitoa.

Burkitt si hivyo. Hapa kosa la kwanza halimo katika herufi za jeni, limo katika makao yake. Mara nyingi kromosomu ya 8 na ya 14, nyuzi za DNA zinazobeba jeni, hukatika na kubadilishana vipande, na jeni ya MYC, inayoiamuru seli ikue, hujikuta jirani na jeni za kingamwili, mahali ambapo ndani ya seli B, chembe za damu zinazotengeneza kingamwili, hapazimwi kamwe. Nilimwambia shangazi aifikirie taa ya barazani mwake imeungwa kwenye laini ya taa za njiani, abonyeze swichi ya ndani asiizime. Akacheka, akasema umeme wa Lamu ungeizima wenyewe.

MYC ikiwaka hivyo huamsha mamia ya jeni nyingine, za kuunda protini na za kugawanya seli, ndiyo maana seli za uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Seli inayosukumwa namna hiyo ilipaswa kujiua; virusi vya Epstein-Barr huisaidia isife, na malaria ya mara kwa mara huzichochea seli B, ambazo hukata DNA yao wenyewe zinaponoa kingamwili, na mkato mmoja ukikosea njia, basi MYC huhama.

Kasi hiyo hiyo huufanya uvimbe uathiriwe upesi na saiklofosfamaidi, dawa inayoharibu DNA ya seli zinazogawanyika. Mtoto aliporudi kutoka matibabuni na kushuka kutoka boti ya Mokowe, shangazi alimfungua kinywa pale pale gatini, akayahesabu meno.