Nukta Isiyosogea

Mwaka wangu wa kwanza wa urubani nilikaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, katika ndege ndogo ya Caravan, Dar–Unguja, Unguja–Dar, siku nyingine mara sita. Maili 40 hivi za baharini, dakika ishirini na kitu. Hujamaliza kupanda, unaanza kushuka.

Kepteni wangu alikuwa mtu mzima wa Tanga, aliyeijua kazi tangu enzi za dira, saa na ramani ya kukunja pajani. Mimi nilikuwa mtu wa skrini, sifichi. Nilipenda ule mstari wa pinki wa kufuata, na ndege za wenzetu zikijitokeza pembeni kama vialmasi.

Asubuhi hiyo tulitoka Unguja na abiria wanane. Kisiwa cha Chumbe kilikuwa chini kulia kwangu, mnara wake wa taa ukionekana kwa shida kwa ajili ya utusitusi. Skrini ilikuwa tupu. Nikainama kuandika saa ya kufika Dar.

"Toa macho humo ndani."

"Hakuna kitu, Kepteni. Skrini haina mtu."

"Nje, mwanangu."

Nikainua uso. Kwenye kioo cha mbele palikuwa na nukta nyeusi, nikadhani mdudu tuliyemgonga wakati wa kuruka. Nikaitazama. Wala haikwenda kushoto, wala kulia. Ghafla ikaota mabawa.

Kepteni alishaulaza usukani kulia. Nyuma mama mmoja akapiga yowe, kalamu yangu ikaruka sijui wapi. Ndege ndogo ya injini mbili ikapita ubavuni mwetu kushoto, karibu hata nikaiona michirizi ya bluu mkiani. Sidhani kama rubani wake alituona. Baadaye tukaambiwa transponda yake, kile chombo cha kuitambulisha ndege kwa wengine, ilikuwa mbovu, na skrini yetu haimjui asiyekuwa na transponda. Ilikuwa ya nani, tuyaache.

Sisi mwendo wa noti 150, yaani maili 150 za baharini kwa saa, naye pengine hivyohivyo: tulikuwa tukikaribiana maili tano kwa dakika. Ile nukta ikiwa maili mbili mbele, tulikuwa na sekunde 24, nami nyingine nilizitumia kumfikiria mdudu.

Dar tulikunywa chai kimya, mpaka Kepteni akaanza mwenyewe. Inayosogea kiooni, alisema, itapita zake, iogope iliyotulia. Halafu akaigeukia GPS, ambayo hakuwahi kuipenda. "Zamani huyu alikosea maili moja mashariki, yule magharibi, mkapishana bila kujuana. Siku hizi sote tumetungwa kwenye uzi mmoja kama shanga."

Safari ya kurudi, tulipotulia angani, alivua kofia yake akaifunika skrini yangu. Yake aliiacha wazi, si mjinga.

"Haya," akasema. "Nionyeshe Chumbe iko wapi."

Nilitafuta kwa muda mrefu.