Watoto themanini, mipira miwili: siku yangu na filimbi

Saa 12:20 asubuhi. Nazunguka uwanja kabla watoto hawajajaa. Naokota vipande vya chupa na miba, nafukia mashimo, nafagia kinyesi cha mbuzi wa jirani. Mimi ni mwalimu wa michezo wa shule ya msingi. Shule yetu ni ya serikali, iko pembezoni mwa mji wa Morogoro, na chokaa ya kuchorea mistari ni anasa. Nachora kwa majivu ya jiko la uji. Yanakaa hadi mchana upepo wa Uluguru ukiwa mpole.

Saa 1:30. Mstarini. Ukaguzi wa kucha, matangazo, wimbo wa taifa, kila mtu darasani.

Saa 2:00. Darasa la kwanza, dakika 30, mbuzi na chui. Watoto wanashikana mikono kufanya duara. Mbuzi yuko ndani, chui yuko nje anatafuta upenyo. Mbuzi akitaka kupita mikono inanyanyuliwa juu, chui akija wote wanachuchumaa na kuziba. Duara moja la watoto themanini lina wakimbiaji wawili, waliobaki ni ukuta tu. Kwa hiyo nagawa maduara manane, kila moja na mbuzi wake, nikipuliza filimbi jozi inabadilika. Makelele yanafika hadi ofisini, na mwalimu mkuu ameshazoea.

Saa 3:20. Darasa la nne, rede. Hapa ndipo roho yangu ilipo.

Mipira halisi ya shule ni miwili na inalala kabatini kwa kufuli. Tunayochezea rede ni ya soksi, natengeneza mwenyewe. Zamani mpira wa namna hii ulikuwa wa mifuko ya plastiki, rambo, iliyosokotwa na kukazwa kwa kamba ya katani. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, najaza vipande vya vitambaa kutoka kwa fundi cherehani ndani ya soksi iliyopoteza mwenzake, nakunja mdomo, navisha soksi ya pili kwa kuigeuza, kisha nashona. Unarushika vizuri na hauumizi.

Kila mtoto anaijua rede ya mtaani: warushaji wawili, mmoja kila upande, wa katikati wanakwepa, ukipigwa unatoka. Hapo kwenye kutoka ndipo ninapogombana nayo. Anayetoka wa kwanza siku zote ni yule mzito, au yule mwoga wa mpira, yaani yule anayehitaji kukimbia kuliko wote, halafu anakaa kwenye vumbi dakika 20 akiwatazama hodari. Kwangu ukipigwa unakwenda kurusha, na aliyekupiga anaingia kati. Lengo ni kujaza chupa ya maji kwa mchanga, kiganja kwa kiganja, huku mnakwepa. Chupa ni ya kundi zima, basi hata asiyejua kukwepa anajikuta ndiye fundi wa kujaza. Leo binti mmoja mkimya alijaza akiwa amepiga magoti, mgongo kwa mrushaji, wenzake watatu wakimkinga kwa kelele. Kupiga ni kuanzia kiuno kushuka, sina mjadala kwa hilo.

Saa 4:40. Mapumziko, uji. Mwenzangu wa hisabati ananisogelea: "Mwalimu, hicho kipindi cha Ijumaa si unipe? Upimaji wa darasa la nne huo unakuja." Namwambia Shirika la Afya Duniani linataka mtoto apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, mimi nina 40, tena si kila siku. Anacheka. Sikumpa.

Saa 5:40. Darasa la tano, mbio za kupokezana. Vijiti vyetu ni magunzi ya mahindi. Mistari ni ya watoto watano watano; ukiwapanga ishirini nyuma ya mmoja, wanaanza kusukumana. Kila mstari una matairi mawili ya kuzungukia, la karibu na la mbali, na mtoto anachagua mwenyewe. Mwenye magongo anazunguka la karibu na gunzi lake linafika. Jua likipanda tunahamia chini ya mwembe.

Saa 9:30 alasiri. Timu ya netiboli ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Saba uwanjani, wachache wa akiba, na ndio wanaoipa shule sifa. Nawapenda, lakini mipira ile miwili hutoka kabatini kwa ajili yao tu, na hilo nimelisema kikaoni zaidi ya mara moja.

Saa 12 jioni. Napita kwa fundi na mfuko wa mipira iliyofumuka. Hachukui hela. Anachotaka ni mwanawe awe golikipa wa shule, na mtoto mwenyewe ameshaniambia pembeni kwamba anapenda riadha.