Kufundisha mji mdogo wa Japani: darasa si tatizo, tatizo ni gari na baridi

Wanaoulizia ualimu wa Kiingereza Japani huanza na viza na mshahara. Kwa JET, mpango wa serikali ya Japani wa kualika walimu wasaidizi kutoka nje ulioanza mwaka 1987, hayo yana utaratibu wake: uwe na shahada ya chuo kikuu, mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, na mwisho kabisa miaka 5. Kisichozungumzwa sana ni kwamba pa kuishi unapangiwa. Unaweza kuomba Osaka ukapelekwa mji wa milimani huko mikoa ya Akita au Shimane, wenye supamaketi moja, wazee wengi na basi la kubahatisha.

Kwa hiyo gari ndilo la kwanza. Huko huendeshwa kushoto kama kwetu, na barabarani ni Probox zile zile, basi mtu hudhani kazi imekwisha. Lakini Japani hutambua tu leseni ya kimataifa iliyotolewa chini ya mkataba wa Geneva wa 1949 kuhusu usafiri wa barabarani. Uganda na Rwanda zimo, Kenya na Tanzania hazimo. Mkenya au Mtanzania itabidi abadilishe leseni yake, na tangu Oktoba 2025 mtihani wa maandishi una maswali 50, nawe upate angalau 45. Kabla ya hapo uthibitishe kwamba uliishi nchini mwako miezi 3 baada ya kupewa leseni, kwa hiyo pasipoti ya zamani yenye mihuri usiiache nyumbani. Kama leseni yako inaonyesha tarehe ya kuhuishwa peke yake, ondoka na barua ya NTSA (Kenya) au TRA (Tanzania) inayotaja tarehe ya kwanza. Kwenye jaribio la uwanjani, madereva wazoefu ndio wanaoanguka: kwenye alama ya kusimama wanapunguza mwendo tu wakati magurudumu yanatakiwa yatulie kabisa, au wanakata kushoto bila kusogea pembeni mapema na kugeuza shingo kuangalia baiskeli.

Gari lenyewe chukua kei, yale madogo ya cc 660 yenye namba za njano, maana kodi yake ni nafuu. Kabla ya kulipa uliza shaken inaisha lini. Huo ni ukaguzi wa lazima wa kila miaka 2, na gharama yake ni mojawapo ya sababu za magari mazima kabisa kupakiwa melini kuja Mombasa na Dar es Salaam.

Halafu baridi. Nyumba nyingi za zamani zina kuta nyembamba na madirisha ya kioo kimoja, na unapasha joto chumba ulichomo tu. Hita hutumia mafuta ya taa, ambayo unayanunua kwa dumu la lita 18. Yaliyobaki msimu uliopita usiyatie: yakipitisha kiangazi huharibika na kuwa ya manjano, na hita inaanza kufuka moshi au kujizima. Fungua dirisha kidogo kila saa, hata kama theluji inaanguka, kwa sababu gesi ya hita inayoua haina harufu. Joto likikaribia nyuzi 4 chini ya sifuri, maji huganda ndani ya mabomba na kuyapasua. Kabla ya kulala zungusha valvu ya mizunuki, yaani ya kumwaga maji yaliyo kwenye mabomba, kisha fungua koki zote mpaka zikohoe na kukauka. Mwombe aliyekukabidhi nyumba akuonyeshe valvu hiyo ilipo siku ya kwanza, wala usingoje Desemba. Bomba likiganda, lizungushie taulo na umwagie maji ya vuguvugu. Ya moto hulipasua.

Takataka nunulia mifuko rasmi ya mji huo. Mfuko usio sahihi huachwa pale pale na kibandiko juu yake, na majirani wanajua ni wa nani.

Shuleni, chakula cha mchana ndicho kinachohitaji maandalizi, hasa kwa Mwislamu. Shule za msingi nyingi hupika chakula kimoja kwa wote, na nyama ya nguruwe, butaniku, huingia kwenye kari na hata supu ya mboga. Omba ratiba ya mwezi. Mweleze makamu mkuu wa shule mapema, tena useme waziwazi kwamba hata mchuzi wake huli, kwani wengi watadhani kuondoa vipande vya nyama kunatosha. Kubeba chakula chako mara nyingi hukubaliwa ukieleza sababu.

Darasani wewe ni msaidizi, na kipindi ni cha mwalimu Mjapani. Wengine watakutumia kama kinasa sauti cha kusomea maneno. Wengine watakuambia mlangoni kwamba leo unaongoza wewe. Kaa na michezo mitatu ya dakika 10 isiyohitaji vifaa. Watoto wakinyamaza usidhani hawajui: wanaogopa kukosea mbele ya wenzao. Waache wajibizane wawili wawili kwanza, ndipo umuulize mmoja.

Jikoni, unga wa chapati ni churikiko. Hakurikiko ni wa keki, na chapati zake hukatika. Komatsuna, mboga ya majani ya huko, hukaa vizuri mahali pa sukuma wiki. Unga wa ugali agiza mtandaoni. Kona stachi ya dukani ni wanga mtupu.

Ukimaliza mkataba kuna pesa wengi huziacha: marejesho ya michango ya pensheni, yanayoombwa ndani ya miaka 2 baada ya kuondoka. Hukatwa kodi ya asilimia 20.42, lakini ukiteua mwakilishi wa kodi kabla hujasafiri, anaweza kuidai kodi hiyo irudi. Na lazima utoe taarifa ya kuhama kwenye ofisi ya mji, kwani jina lako likibaki kwenye daftari la wakazi, ombi linakataliwa.