Kitabu cha Posho ya Watoto

Mwaka 1959, nilipokuwa na umri wa miaka 11, familia yetu iliishi katika vyumba viwili karibu na bandari ya Dublin, kwenye mtaa ambao karibu kila mwanamume alijipatia riziki yake melini. Baba alikuwa kibarua wa kupakua makaa ya mawe. Kila asubuhi wanaume walikusanyika mbele ya mnyapara, naye akaita majina ya wale aliowataka siku hiyo. Aliyekosa kuitwa alirudi mtaani mikono mitupu. Waliotangulizwa ni wale waliovaa kifungo cha chama cha wafanyakazi, na kifungo hicho mzee alimrithisha mwanawe. Baba hakuwa nacho, kwa kuwa babu alikuwa mkulima wa upande wa magharibi asiyewahi kufanya kazi ya bandari.

Ujira wenyewe ulilipwa baa. Sheria ya mwaka 1883 ilikuwa imekwisha kukataza wafanyakazi kulipwa katika nyumba za pombe, lakini pale kwetu desturi ilikuwa na nguvu kuliko sheria: mtu alipokea pesa zake kaunta, koo limejaa vumbi la makaa, na aliyeondoka bila kumnunulia mnyapara kinywaji alijua kwamba huenda kesho asiitwe. Sisemi haya ili kumtakasa Baba. Alikunywa hata siku ambazo hakuna aliyemshurutisha, na zaidi ya mara moja aliapa mbele ya padri kwamba ameacha, kisha akakivunja kiapo kabla ya mwezi kwisha. Nayasema kwa sababu wanaosimulia umaskini wa nyumba kama yetu humtaja mlevi peke yake, wakaacha kutaja kwamba pesa za mlevi huyo zilipangiwa kupitia baa kabla hazijafika nyumbani.

Pesa ambazo hazikupitia huko zilikuwa posho ya watoto. Serikali ya Ayalandi ilianza kuitoa mwaka 1944, shilingi 2 na peni 6 kwa wiki kwa mtoto wa tatu na kila aliyemfuata, na mwaka 1952 mtoto wa pili naye akaongezwa. Mimi kifungua mimba sikuhesabiwa hadi mwaka 1963. Lakini kilichotuumiza zaidi ni kwamba, kisheria, mwenye haki ya kulipwa alikuwa baba. Mama wa watoto aliweza kupokea iwapo tu mumewe amemtilia saini ya kumruhusu, na Baba alikuwa hajaitia. Kwa hiyo kila mwezi walikwenda posta pamoja, Baba akapokea, na Mama akazitia pesa mkobani kabla hawajatoka mlangoni.

Kitabu cha posho Mama alikificha nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, iliyotundikwa jikoni na taa yake nyekundu. Siku ya malipo ya Novemba mwaka ule, Baba hakuitwa na mnyapara, akarejea nyumbani wakati Mama yuko kwa jirani aliyejifungua. Tulipotaka kuondoka, Mama aliingiza mkono nyuma ya picha, akaupapasa ukuta, akavaa koti lake bila kusema lolote. Posta tulikuta foleni ndefu ya wanawake wenye watoto ndani ya magari ya kusukuma. Karani alimwambia kwa upole, "Mama, mumeo amekwisha kupita asubuhi." Nilimwona karani akiona haya, ingawa alikuwa amemlipa mwenye haki kwa mujibu wa sheria.

Nilidhani tungerudi nyumbani. Mama alishika njia ya baa.

Wakati ule mwanamke wa heshima hakuingia ukumbi wa mbele wa baa. Walikuwapo kina mama waliokaa na glasi yao katika kichumba cha pembeni, lakini Mama hata huko hakuwahi kuketi: kifuani alivaa beji ya chama cha wanaojinyima pombe, kilichoanzishwa Dublin mwaka 1898. Aliusukuma mlango wa mbele, akanishika mkono, akapita katikati ya wanaume hadi alipokuwa Baba. Mazungumzo yalikoma. "Nimefuata pesa za watoto," alisema, kwa sauti ile ile aliyoitumia dukani anapoomba mkate. Baba aliitoa mfukoni noti moja na sarafu, akaziweka kaunta karibu na bia yake nyeusi. Mwenye baa aliondoa glasi, akaifuta kaunta, akamsogezea Mama pesa zote. Zilipungua karibu nusu, na zilizopungua ndizo zilizokusudiwa kununua viatu vya mdogo wangu.

Asubuhi yake, kabla Baba hajatoka kwenda bandarini, Mama aliweka mezani fomu ya posta, wino na kalamu yangu ya shule. Alikuwa ameichukua fomu ile siku nyingi kabla, akawa anangoja. Baba aliisoma polepole. Mikono yake ilitetemeka, na katika makovu ya vidole vumbi la makaa lilikuwa limeganda chini ya ngozi, rangi ya samawati isiyotoka kwa sabuni.

"Watu watasema nini juu yangu?" aliuliza.

"Watasema watoto wako wamekula."

Alishika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto ili utulie, akaandika jina lake kamili kwa hati nzuri sana, kuliko hati yangu. Kisha akachukua sepetu lake akaenda zake. Nilimpenda sana asubuhi ile, na bado sijui jinsi ya kumweleza mtu upendo huo bila kuonekana kwamba namtetea.

Baba aliendelea kunywa hadi alipofariki mwaka 1971. Lakini baada ya saini ile, deni letu la dukani lilikwisha kabla ya Pasaka, na mdogo wangu akapata viatu. Sheria ilipobadilishwa mwaka 1974 ili posho ilipwe mama moja kwa moja, Mama alinisomea habari hiyo gazetini kwa sauti, sentensi kwa sentensi, kisha akaniuliza kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye waziri, kwa nini walihitaji miaka 30.