Nilivyomwogesha paka wangu baada ya upasuaji

Paka aliyevaa kola ya plastiki hawezi kujilamba, na paka asiyejilamba huchafuka haraka. Tausi wangu alipofungwa kizazi, kola ilimzuia asing'ate mshono, lakini manyoya ya mgongoni yalijaa mafuta, nyuma ya masikio yakashikana mafundo, na mkiani akaanza kunuka mkojo.

Majirani walinihimiza nimtie majini tu. Nilikataa. Kidonda cha namna hii huchukua kama siku 10 hadi 14 kufunga, na kikilowa kabla ya hapo vijidudu hupata njia. Nilikuwa namfuta kwa kitambaa chenye unyevu, mbali na tumbo. Hata nyuzi zilipotolewa, daktari wa mifugo alinitaka nisubiri siku chache zaidi matundu yake yazibe. Nikasubiri.

Ilikuwa Julai, na Moshi ya Julai tunaijua: wingu la mlimani likitanda, jua unaweza usilione kutwa. Joto la mwili wa paka ni kama selisiasi 38 hadi 39, na akilowa kwenye baridi hulipoteza upesi, hasa tumbo likiwa limenyolewa. Kwa hiyo nilingoja mchana wa jua.

Nilianza na kitana, na kwa maoni yangu hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, maana fundo likilowa hukaza zaidi. Nilibana manyoya kwa vidole karibu na ngozi ili asiumie, nikachambua kuanzia nchani kwenda shinani. Mkasi sikuugusa. Ngozi ya paka ni nyembamba na huinuka pamoja na fundo. Ni rahisi sana kuikata. Uchafu mwingi ulitoka hapo, kabla ya tone la maji.

Kwenye beseni nilitandika taulo asiteleze, nikatia maji ya uvuguvugu kidogo. Mama alimshika mabegani huku akimsemesha, mimi nikamwagia kwa kopo. Uso niliufuta tu. Shampuu ilikuwa ya paka, na nilisuuza hadi povu likaisha, kwani linalobaki atalilamba.

"Dada, si uweke ile dawa ya kuua vijidudu, inayogeuza maji meupe?" jirani akauliza.

Nilimwomba asijaribu kamwe kwa paka wake. Dawa hizo zina kemikali za jamii ya fenoli ambazo ini la paka hushindwa kuzivunja. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini nayo inaweza kumuua.

Nilimkausha kwa kanga kuukuu, nikigandamiza bila kusugua, kisha nikakagua mshono: mkavu, haujavimba. Ungekuwa mwekundu au unatoa majimaji, ningemrudisha kwa daktari siku hiyo hiyo. Sasa namchana kila jioni, anajilamba mwenyewe, na kuoga sidhani kama atahitaji tena.